Mwambie daktari umekulia ziwani

Mwanangu Bwire,

Majibu uliyotuma nimeyasoma. Mama yako nimemsomea yale tu yatakayomwacha alale. Bandama sentimita 17, chembe sahani za kugandisha damu zimeshuka, malaria hakuna. Bandama ya mtu mzima kwa kawaida haivuki 12 au 13, hivyo kuogopa sikulaumu. Ninachokulaumu ni kuzunguka kwa madaktari wote hao usimwambie hata mmoja kwamba umekulia Ukerewe. Mhasibu wa Dar, shati limepigwa pasi, nani atamdhania kichocho cha maji ya ziwa?

Daktari akiona chembe sahani zimeshuka anawaza saratani ya damu, na ana haki ya kuwaza. Akitaka vipimo vyake, mpe. Lakini bandama iliyovimba yenyewe huzizuia chembe hizo ndani yake, kwa hiyo kushuka kwake peke yake hakujamaliza neno. Na hizo dawa za malaria ulizopewa kipimo kikiwa hasi, sitaki hata kuzisemea.

Nimeinamia darubini hapa kisiwani hadi nikastaafu. Yai la kichocho cha tumbo nalijua kama sura yako: refu kidogo, lina mwiba ubavuni. Minyoo yenyewe hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai mengine hutoka na choo, mengine husukumwa mpaka kwenye ini, yanaacha makovu, damu inakosa njia, inarudi kujaa kwenye bandama. Usiniambie siku nyingi hujaoga ziwani. Minyoo ile huishi miaka, na makovu hubaki hata ikifa.

Basi sema: nimekulia ziwani, nipimeni choo. Tena siku tofauti, maana mayai yakiwa machache kipimo kimoja hukosa. Kwenye ultrasaundi waangalie ini na mshipa mkubwa unaoliingia, wasiishie kwenye bandama. Wakitaka kukupitisha kamera kooni, kubali, hapo ndipo mishipa huvimba na kupasuka. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi, nenda hospitali usiku huohuo. Diklofenaki, hizo dawa zako za maumivu ya mgongo, acha kwanza.

Mpira wa Jumamosi nao basi. Bandama ikishatoka chini ya mbavu, goti la mtu linatosha kuipasua.

Shangazi yako ameshapata mzee wa kukuchanja chale juu ya bandama. Nimekataa, amenuna, hata salamu haleti.

Mwaka ule dawa za kichocho zilipogawiwa shuleni, dagaa walikuwa wengi na mtu wa kuanika alitakiwa nyumbani. Mama yako ana kumbukumbu nzuri sana ya jambo hilo. Dawa yenyewe, prazikwanteli, humezwa baada ya kula, dozi kwa uzito, usikubali ya kukadiria kwa macho.

Pesa ya bati usitume. Mvua ikija tutahamishia mahindi chumba chako, kitanda chako tumeshakisogeza. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja dhaifu, mdogo wako anamnyonyesha kwa chupa badala ya kusoma.

Ukimwona daktari mwambie kwanza ulikokulia, kabla hajakuuliza unaumwa nini. Majibu ya choo yakitoka piga picha karatasi nzima unitumie, na namba zake. Usiniandikie "niko poa".

Baba yako