Barua kwa Kaka kuhusu Lexus anayoitaka

Plano, Texas

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu, uzifikishe pia kwa Mama na kwa Shemeji. Sisi huku hatujambo. Picha ya LX 570 uliyoipiga kwenye harusi ya Njoro nimeitazama zaidi ya mara moja, na kwa kuwa umeniuliza waziwazi kama hilo ndilo gari la kununua kwa pesa za kile kiwanja, nitakujibu waziwazi vilevile: ni gari imara sana, lakini silo la kwako.

Kwanza niliondoe wazo la kukutumia hili langu. GX 460 iliuzwa Marekani, Uarabuni, Urusi na China, nchi ambazo usukani uko kushoto, na Kenya hairuhusu gari la namna hiyo kuingia. Usisikitike, maana ukilivua mapambo utakuta Prado 150, na Prado hizo zimejaa hapo Nakuru.

Hata hivyo gari hili limenifunza jambo ambalo nisingelijua kwa kusoma sifa za Lexus, tawi la kifahari la Toyota. Nililinunua mkononi mwa mtu, injini ya V8 ya lita 4.6 ikinguruma vizuri, na hadi leo injini hiyo haijanisumbua. Kilichonisumbua ni mifuko ya hewa inayobeba sehemu ya nyuma badala ya springi za chuma. Wiki ya tatu niliamka nikakuta gari limeketi kama ng'ombe anayecheua, na aliyeniuzia hakupokea simu tena. Tangu siku hiyo naamini kwamba uimara wa magari haya umo katika mifupa ya Toyota, ilhali gharama imo katika starehe zilizoongezwa juu ya mifupa hiyo.

Sasa rudi kwenye LX 570. Fremu yake ni ya Land Cruiser 200, na injini yake ya V8 ya lita 5.7 ina sifa ya kudumu. Lakini mwili wake hupandishwa na kushushwa kwa mafuta ya haidroliki yanayosukumwa hadi kwenye shokabu, na yale matufe madogo ya gesi yanayolainisha mwendo yakichoka, gari huanza kudunda kwenye kila tuta. Kazi hiyo si ya kila fundi wa jua kali, na spea zake huwezi kuziokota tu katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, kama unavyookota brekipedi za Prado. Kuhusu petroli, hesabu kilomita 6 hivi kwa lita. Kutoka Nakuru hadi kwa wakwe zako Kisumu utachoma kama lita 30 kwa kwenda tu, na bado hujarudi. LX 600 iliyolifuata usiliwaze: mbali na bei, mwaka 2024 Toyota ilitangaza kuyarejesha karakana magari takribani 102,000 ya Tundra na LX, kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyosahaulika ndani ya injini wakati wa kuitengeneza.

Ninalokupendekezea ni RX 450h la toleo lililoanza mwaka 2015. Ukoo huu mafundi wetu wanaujua, kwa kuwa RX la kwanza ndilo Harrier iliyotoka Japani mwaka 1997, na sidhani kuna mtaa wa Nakuru usio na Harrier. Nimechagua 450h na si RX 300 kwa sababu RX 300 la Japani lina injini ndogo ya lita 2 yenye tabo (kile kifaa cha kuisukumia hewa iongeze nguvu), ilhali 450h lina V6 ya lita 3.5 isiyo na tabo, ikisaidiwa na mota za umeme. Litakupa kama kilomita 12 kwa lita, na ule mteremko mrefu kutoka Kericho kuelekea Ahero, ambao Hilux yako huumaliza ikinuka brekipedi, hapa hugeuka kuwa umeme wa kujaza betri. Mama naye, kwa magoti yake yale, ataingia bila kushikwa mkono. NX, Lexus iliyo ndogo kuliko RX, ni dogo mno kwenu. Watoto wako wamekuwa na miguu mirefu.

Lina dosari, nisikufiche. Hata lile linaloendeshwa na magurudumu yote manne, ya nyuma husukumwa na mota ndogo ya umeme pekee, pasipo shafti kutoka mbele, kwa hiyo tope la Olenguruone wakati wa masika litakushinda. Shambani endelea kwenda na Hilux. Betri nayo imo chini ya kiti cha nyuma na hupoozwa na feni zinazovuta hewa ya ndani ya gari, hivyo vumbi la barabara za muramu likiziba matundu yake, betri hupata joto na kuchoka mapema. Mwambie fundi azisafishe kila unapobadilisha oili, na gunia la viazi lisiwekwe mbele ya matundu hayo hata kwa safari fupi. Nakujua.

Kumbuka kwamba gari lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na kwamba KRA, mamlaka ya kodi, hukokotoa ushuru kwa orodha yake ya bei ya gari likiwa jipya, ikipunguza kulingana na umri, wala haijali ulilipata mnadani kwa bei ya kutupa. Muuzaji akikupa gari la Japani, dai karatasi ya mnada inayoeleza hali ya gari, ile ya asili na si tafsiri yake. Ukiona herufi R mahali pa gredi, gari hilo lilipata ajali likatengenezwa. Nipigie picha karatasi hiyo kabla hujatoa hata shilingi ya kushikilia, nami nitaisoma usiku huohuo nitokapo kazini.

Ndimi mdogo wako