Uhura anapozungumza Kiswahili, mtafsiri anyamaze

Ndugu Mhariri,

Tupe nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Kila inapokaribia 30 Julai, wapenzi wa tamthilia za anga hapa Kigoma hulirudia jina la Nichelle Nichols, mwigizaji wa Marekani aliyefariki dunia siku hiyo mwaka 2022 akiwa na miaka 89. Ndiye aliyecheza Uhura, afisa mawasiliano wa chombo Enterprise katika Star Trek. Wapo wanaotaka kumkumbuka kwa kuonyesha vipindi vyake kwenye mabanda ya video. Ni jambo jema na tunaliunga mkono, ila likifanywa kwa mazoea ya banda, ya mtafsiri kuongea juu ya filamu, kile hasa kinachomfanya awe wetu kitafunikwa na kelele.

Jina lake halihitaji mkalimani Ujiji. Nichols alifika kwenye usaili akiwa na kitabu chenye neno Uhuru kwenye jalada. Mtunzi wa tamthilia, Gene Roddenberry, akalipenda neno hilo, likalainishwa mwisho, likawa Uhura. Mhusika ni Mwafrika na Kiswahili ni lugha yake. Katika vipindi viwili Kiswahili hicho kinasikika kabisa, na hapo ndipo penye shida.

Cha kwanza ni The Man Trap, kilichorushwa 8 Septemba 1966. Kuna kiumbe kinachofyonza chumvi mwilini mwa watu, na kila mtu hukiona kwa sura ya mtu anayemuwaza. Kinapomfuata Uhura kwenye ujia wa chombo, kinamjia kwa sura ya baharia Mwafrika na kumsemesha Kiswahili. Lafudhi ni ya Kimarekani, lakini Kiswahili ni Kiswahili. Na kwa kuwa hiki ndicho kipindi kilichofungua tamthilia kwenye televisheni ya Marekani, usiku ule wa kwanza kabisa Wamarekani walisikia lugha yetu sebuleni mwao.

Cha pili ni The Changeling, cha 29 Septemba 1967. Mtambo uitwao Nomad unamsikia Uhura akiimba, hauelewi kuimba ni nini, unamchunguza akili na kumfutia kila alichowahi kujifunza. Inabidi afundishwe upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Mtazameni vizuri hapo: yumo chumba cha wagonjwa, anasoma Kiingereza neno kwa neno, anakwama, anakasirika, na kinachomtoka mdomoni ni Kiswahili. Kiingereza wanamrudishia kwa kumfundisha. Kiswahili kimebaki chenyewe.

Sasa fikiria mtafsiri wa banda ameshika maikrofoni. Kazi yake ni kujaza kila ukimya, na sauti ya filamu huwa ameiteremsha ili yeye asikike. Akifika hapo ataongea juu ya Kiswahili kwa Kiswahili, na mtazamaji wa Mwanga ataondoka bila kujua kwamba aliyekuwa anazungumza ni Uhura mwenyewe. Tunachoomba ni kidogo: mtafsiri avitazame vipindi vyote viwili siku moja kabla, aandike kwenye karatasi dakika na sekunde ya kila tukio, na ikifika aweke maikrofoni chini na kupandisha sauti ya filamu. Asieleze chochote mpaka tukio liishe.

Wanaotumia manukuu, yaani maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya kioo, wana mitego yao. Mkubwa ni wa kasi. Vipindi hivi kwa kawaida viko kwenye kasi ya picha 23.976 kwa sekunde, lakini manukuu mengi yametengenezwa kwa nakala za Ulaya zenye picha 25. Mwanzoni yataonekana yako sawa. Kufika katikati yatakuwa yameitangulia midomo kwa dakika nzima, na mwisho wa kipindi cha dakika 50, kwa zaidi ya dakika mbili. Kuyarudisha nyuma kwa rimoti hakusaidii, kwa sababu kosa linazidi kukua kadiri kipindi kinavyosonga. Dawa ni kubadilisha kasi ya faili lenyewe kwenye kompyuta kwa programu ya kuhariri manukuu. Kisha faili la manukuu lipewe jina lilelile la video, herufi kwa herufi, la sivyo televisheni nyingi hazitaliona kwenye flashi. Mistari isizidi miwili, kila mmoja herufi 40 hivi. Maneno yetu ni marefu, na mstari ukijaa msomaji hauwahi.

Halafu liko jina. Kisahihishaji cha simu hulitazama Uhura kama Uhuru lililokosewa na kulibadilisha. Kagueni faili zima. Wala msiandike Nyota, jina lake la kwanza, katika vipindi vya 1966 hadi 1969, maana humo halitamkwi. Kwenye sinema lilisikika mwaka 2009, mhusika akiwa anachezwa na Zoe Saldaña.

Na ile kauli yake maarufu ya kumjulisha kapteni kwamba njia ya kuita chombo kingine iko wazi? Msiikabidhi kwa mashine ya kutafsiri. Kiingereza kina neno moja la kuita chombo na la mvua ya mawe, na mashine ikikosea mtasoma habari za hali ya hewa. Ziwani hapa watu wanaijua kazi hiyo kwa redio ya upepo. "Mawasiliano yako wazi, Kapteni" inatosha, na inalingana na mwendo wa mdomo wake.

Wengi watadai kionyeshwe kipindi cha 22 Novemba 1968, chenye busu lake na Kapteni Kirk. Sisi tusingekichagua. Mara nyingi huitwa busu la kwanza la mweusi na mweupe kwenye televisheni, ilhali televisheni ya Uingereza ilikwisha kuonyesha mabusu ya namna hiyo kabla. Isitoshe, ndani ya hadithi wawili hao wanalazimishwa na watu wenye nguvu za akili wanaowachezea kama vikaragosi. Si namna ya kumuaga mtu. Badala yake wekeni The Lorelei Signal, kipindi cha katuni cha 1973 ambamo sauti ya Uhura ni ya Nichols mwenyewe. Wanaume wamedhoofishwa na kuzeeshwa, na Uhura anashika uongozi wa chombo. Kina dakika 24 hivi, na watoto watakipenda. Vipindi vyote vitatu vinakuja kama saa mbili na dakika chache.

Mkionyesha nje, kumbukeni mwishoni mwa Julai jua la Kigoma huzama kama saa 1:05 jioni. Mkiwasha projekta kabla ya saa 1:30 usiku, shuka litabaki jeupe tu. Lifungeni shuka pande zote nne, maana likifungwa juu peke yake upepo wa kiangazi hulijaza kama tanga la mtumbwi. Kwenye sauti chagueni mkondo wa zamani wa mono, yaani sauti yote kwenye mkondo mmoja. Nakala zenye mikondo sita huweka maneno kwenye spika ya kati, na banda lenye spika mbili likiunganishwa vibaya litatoa muziki mwingi na maneno kwa mbali.

Kabla ya kuzima taa, mtu mmoja aseme dakika tano tu. Aseme kwamba baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuacha, na aliyemsihi abaki ni Martin Luther King, kwa sababu watoto weusi walikuwa wanamwona mtu wa rangi yao akifanya kazi ya heshima. Aseme kwamba kuanzia 1977 alizunguka Marekani kwa niaba ya NASA, shirika la anga la Marekani, kuwahimiza wanawake na weusi waombe kazi ya unaanga, na kundi la watu 35 lililotangazwa Januari 1978 likawa na wanawake sita na wanaume weusi watatu. Na amtaje Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, 12 Septemba 1992, aliyevutwa na Uhura tangu utotoni. Jemison naye anazungumza Kiswahili.

Asirudie uvumi kwamba majivu ya Nichols yaliungua angani. Roketi ya Vulcan iliyoruka 8 Januari 2024, kwetu ikiwa saa 4:18 asubuhi, ilibeba mabaki ya marehemu kama kumbukumbu, katika sehemu mbili. Mengine yalikuwa ndani ya chombo Peregrine kilichokuwa kinaelekea mwezini. Hicho ndicho kilichovuja mafuta, kikarudi na kuungua siku kumi baadaye. Majivu ya Nichols yalikuwa kwenye hatua ya juu ya roketi yenyewe, Centaur, ambayo iliendelea na safari na sasa inalizunguka jua. Waliomo humo pamoja naye ni Roddenberry, na DeForest Kelley na James Doohan, waigizaji wenzake wa Enterprise.

Nawe Mhariri, ukichapisha picha yake 30 Julai, tunaomba chini yake pasomeke: Nichelle Nichols, 28 Desemba 1932 – 30 Julai 2022, Uhura. Mwishoni ni a.

Wapenzi wa tamthilia za anga,
Mwanga, Kigoma