Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani: njooni Mtwara wakati wa bamvua

Ndugu Mkurugenzi,
Wizara ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Dodoma.

Assalaam aleikum, na kama umenizidi umri, shikamoo.

Naandika kutoka kijiji cha pwani, Wilaya ya Mtwara. Mimi ni mkulima wa mwani, na niliwahi kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Barua hii nimeiweka wazi kwa sababu swali lililomo si langu peke yangu. Tunataka kujua ardhi ya kijiji inaishia wapi, na ile ya Serikali iliyo chini ya maji inaanzia wapi.

Nieleweke mapema: hatudai bahari iwe ya kijiji. Tunajua ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake, na hakuna ukoo hapa uliowahi kurithishana mawimbi. Tunachoomba ni Serikali ichore mpaka wa mali yake, ituonyeshe, na ituachie nakala. Mpaka ambao haujachorwa hautulii. Kila anayekuja na karatasi anausogeza kwa faida yake, na anayesogezewa ni yule ambaye hana karatasi.

Cheti cha ardhi ya kijiji chetu kinataja kijiji jirani upande wa kaskazini na barabara upande wa magharibi. Upande wa mashariki kimeandikwa "Bahari ya Hindi", basi. Sasa, Ndugu Mkurugenzi, Bahari ya Hindi ya saa ngapi? Huku kwetu bamvua likishika, yaani siku za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita tatu. Asubuhi mashua inaelea mahali ambapo mchana unapita kwa miguu na viatu mkononi. Eneo hilo la katikati ndilo tunalofungia mbegu za mwani kwenye kamba na vigingi, ndiko kina mama wanakochokoa pweza na kutanda dagaa, na watoto wanaokota chaza huko wakitoka shule. Mara mbili kwa siku ni nchi kavu, mara mbili ni bahari. Hakuna ofisi niliyowahi kuingia ikanijibu ni ya nani.

Miaka ya karibuni wapima walikuja kumpimia mwekezaji eneo la ufukweni. Simtaji yeye wala waliompimia, kwa sababu nia yangu si kesi. Walikuja siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari imepoa na maji yanapanda kidogo tu. Vijana wakachimba mashimo pale mchanga mkavu ulipokutana na mchanga uliolowa, wakasimika nondo, wakamimina zege, wakaandika namba, wakaondoka. Mwezi ulipokuwa mpevu, bikoni mbili za upande wa chini, yaani hizo alama za mpaka, hazikuonekana kabisa. Ungejua zilipo kwa povu lililokuwa linazunguka mahali pamoja. Leo vichaza vidogo vimeshika kwenye zege lile. Nendeni mkazione. Ni bikoni za kiwanja cha nchi kavu, na zimeota chaza.

Baadaye ikaja seng'enge kutoka juu mpaka kwenye bikoni hizo, ikakata njia tuliyokuwa tukipita kwenda kwenye mwani. Tulipouliza tukaambiwa eneo limepimwa. Nilimuuliza kijana mmoja aliyebeba vifaa walipimaje, akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, sisi tunapima pale tunapoona maji yameishia." Simlaumu. Alitumwa kupima kiwanja, na kuhusu mwezi hakuna aliyemwambia kitu.

Hapa ndipo pana uzito wa jambo lenyewe. Ufuko wetu umelala. Chukua ufuko unaoteremka mita 1 kwa kila mita 50 za kutembea. Kimo cha maji kikipishana mita 1 tu kati ya siku ya maji mafu na siku ya bamvua, ukingo wa bahari umehama mita 50. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 nayo inazitaja hizo mita 60 za ufukwe, pamoja na mikoko, miamba ya matumbawe na visiwa vya baharini, inapoeleza ardhi inayoweza kutangazwa kuwa ya hatari. Ukianza kuhesabu siku ya maji mafu, karibu mita zote 60 unazimalizia mahali ambapo bamvua hufika. Mwenye kiwanja atasema ametii sheria, na kwa futi kamba atakuwa ametii kweli. Mita 60 hazina maana mpaka mtu aseme zinaanzia wapi na aweke alama.

Siamini kwamba Serikali haiwezi kuchora mstari majini. Mwaka 1988 Tanzania na Msumbiji zilikubaliana mpaka wao wa baharini, wakaanzia mdomo wa Ruvuma, kwenye mstari unaounganisha Ras Mwambo upande wetu na Cabo Suafo upande wao. Sheria ya mwaka uliofuata ikatupa maili 12 za maji ya nchi na maili 200 za ukanda wa kiuchumi, zote zikihesabiwa kutoka mahali maji yanapopwa. Vitalu vya gesi vilivyo mbele ya Lindi na Mtwara, kwenye kina kinachopita mita 1,000, vina pembe zilizoandikwa kwa digrii, dakika na sekunde. Kule ambako hakuna mtu aliyewahi kukanyaga mpaka unajulikana kwa sekunde. Kwenye maji ya magotini, ambako wanawake mia wanainama kila siku, hakuna.

Na hapo utaona tatizo ni nusu tu. Mstari wa maji kupwa Serikali inao, kwa sababu ndipo inapoanzia kuhesabu kwenda nje, kwenye gesi na samaki wakubwa. Unaokosekana ni ule wa juu, wa maji kujaa, unaotuhusu sisi.

Mpwa wangu anasomea upimaji Dar es Salaam, na nilimwomba anitafutie wenzetu wamefanyaje. Kenya wameandika kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 62, kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Mstari mmoja tu wa maandishi, na mtu wa Lamu anaweza kuushika mkononi. Marekani wamebishana zaidi, kama kawaida yao. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu kule iliamua kesi ya kampuni ya Borax na jiji la Los Angeles, ikasema mpaka wa ardhi ya majini haupatikani kwa kuangalia maji ya siku moja. Unapatikana kwa wastani wa maji kujaa kwa miaka 18.6, kwa kuwa mwezi huchukua muda huo kumaliza mzunguko wake mkubwa. Mwaka 1953 wakapitisha sheria ya kuyapa majimbo ardhi iliyo chini ya maji mpaka maili tatu kutoka pwani, kwa sehemu kubwa ya nchi. Na mwaka 2014, baada ya kuchoka na mstari unaohama kila bahari inapokula ufuko, mpaka wa baharini kati ya jimbo la California na serikali kuu ukagandishwa kwa namba, ubaki pale pale hata pwani ikisogea.

Sisemi tuwaige. Wastani wa Wamarekani unachanganya maji mafu na bamvua, na kwa ufuko uliolala kama wetu utaacha eneo kubwa linalolowa upande wa wenye viwanja. Mimi nataka mstari wa bamvua. Ukiwa huko juu, Serikali inapata zaidi, mwenye seng'enge anapata kidogo, na sisi tunapita. Najua utakula kipande cha ua wa shangazi yangu, ambaye nyumba yake iko karibu na maji kuliko zote, na bado nausema. Kwake na kwa wengine wachache waliojenga tangu enzi za vijiji vya ujamaa, utaratibu wa haki utafutwe, kwa sababu wao hawakupimiwa na mtu siku ya maji mafu.

Jambo lingine ni ramani zenyewe. Mikoko iko kwenye ramani ya watu wa misitu. Mashamba ya chumvi, ambayo mara nyingi yako nyuma ya mikoko hiyohiyo, leseni zake ziko kwa watu wa madini. Bandari ina mipaka yake. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, ina kilomita za mraba zipatazo 650, maji na nchi kavu, na vijiji vimo ndani. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi navyo vina maeneo yao. Kila ofisi ukiikuta na ramani yake ukutani inasema kweli, lakini sijawahi kuona ramani hizo zimewekwa juu ya meza moja. Kazi hiyo, Ndugu Mkurugenzi, ni yako. Wengine wote wanachora vitu vyao juu ya ardhi, ila kusema ardhi yenyewe imeishia wapi ni kazi ya ofisi yako.

Kwa wakulima wa mwani hasara ni ya kila msimu. Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa kwenye ardhi ya kijiji. Shamba langu liko majini, kwa hiyo hati sipati, na bila hati benki hawanisikilizi. Wakati huohuo maji ya kina kifupi yamezidi joto. Katika aina za mwani tunazolima, kotonii ndiyo yenye bei nzuri kuliko spinosamu, lakini inaugua, inapauka na kukatika kabla ya kuvunwa, na ushauri tunaopewa ni kusogea kwenye kina zaidi. Tukisogea tunaingia eneo la nani? Wavuvi wa nyavu wanasema ni lao, wenye boti wanasema ni njia. Nikikubali kwamba ni ya Serikali, basi Serikali iwe na ramani itakayoniwezesha kuomba kibali cha kipande kinachojulikana, nikilipie, na nilindwe na sheria mtu akinikatia kamba.

Wapo wenzangu wasiotaka barua hii iandikwe. Wanasema ukimwamsha aliyelala utalala wewe. Serikali ikishajua mwisho wa mali yake itakuja kutufukuza. Hofu hiyo ina chimbuko. Hifadhi ilipotangazwa, wavuvi wengi wa vijiji vya kule waliiona kama kunyang'anywa bahari, na ugomvi ulichukua miaka. Kule Likong'o, Lindi, watu wametoa zaidi ya hekta 2,000 kwa ajili ya mradi wa kusindika gesi, na walisubiri fidia yao kwa muda mrefu. Lakini nawajibu hivi: aliyelala ni sisi. Viwanja vya ufukweni vinauzwa kila mwaka, vinapimwa kwa maji ya siku hiyo, na kila hati inayotoka inachora kipande cha mpaka wa Serikali bila Serikali kuwepo. Nikiwa wa kufukuzwa, nifukuzwe na mstari ninaouona, niliopewa siku za kuupinga.

Kwa hiyo ombi ni hili. Tuma wapima wako, wasiwe wa kukodiwa na mwenye kiwanja. Waje bamvua la Machi au la Septemba, ndipo maji yanapokuwa makubwa kuliko miezi mingine. Wasimike fito ya kupimia maji, iachwe hapo ikisomwa kwa mwezi mzima au zaidi. Mpwa wangu anasema ipo njia ya kulinganisha vipimo vya muda mfupi na vile vya muda mrefu vya bandari, kwa hiyo hatuna haja ya kusubiri miaka 18. Watembee na manahodha wazee na kina mama wa pweza, maana hao wanajua bamvua lilifika wapi mwaka wa mvua kubwa na wapi lilikata mnazi. Bikoni ziwekwe nchi kavu, juu kabisa, ambako chaza hawafiki, na ramani iseme kutoka bikoni kwenda kwenye mstari ni mita ngapi. Iseme pia ufuko ukiliwa, au mchanga ukijaa, mstari utahama au utabaki.

Ramani isiishie kwenye tovuti. Iletwe kubwa, kwa Kiswahili, ibandikwe ofisi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kabla haijatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Na mpaka kazi hiyo iishe, maombi mapya ya viwanja yanayogusa ufukwe yasimame.

Kuhusu zile bikoni mbili zenye chaza, sitaki zing'olewe usiku na vijana wenye hasira, na imeshawahi kusemwa barazani. Nataka ofisi yako izikague na itoe jibu la maandishi kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye nakala ya barua hii anayo pamoja na picha zilizopigwa saa za maji kujaa.

Wasalaam,

Mkulima wa mwani,
Wilaya ya Mtwara.