Tuiunge mkono Reli ya Talyllyn

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasomaji wenzangu tunaoishi Uingereza tuiunge mkono Reli ya Talyllyn iliyoko Wales, ambayo mwaka 1951 ilikuwa ya kwanza duniani kuokolewa isifungwe na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Msimu huo injini ya Dolgoch, iliyoundwa mwaka 1866, ndiyo iliyobeba karibu kazi yote.

Anayelipa kodi ya mapato hapa, akitoa mchango na kujaza tamko la Gift Aid (mpango wa serikali wa kuongezea michango ya hisani), serikali huongeza peni 25 kwa kila pauni bila yeye kugharimika zaidi, na inasikitisha kwamba baadhi yetu huiacha wazi sehemu hiyo ya fomu. Wengine huweza kuitengea reli fungu katika wosia.

Hata hivyo, fedha peke yake hazizibi pengo la watu. Moto wa injini ya mvuke huwashwa saa kadhaa kabla ya safari ya kwanza, majivu huzolewa, viungo hutiwa mafuta kimoja kimoja, na mataruma yaliyooza hung'olewa na kubadilishwa. Asiye na ujuzi hufundishwa papo hapo kazini, kwa hiyo nawaomba wazazi wenzangu wawahimize vijana wao wajiandikishe.

Wako mtiifu,
Msomaji, Birmingham