YAH: MALALAMIKO KUHUSU KAPSULI ZENU ZA KUSHUSHA SUKARI

Kwa Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili, na hospitali imemwandikia metfomini na glibenklamidi. Wakala wenu wa hapa Moshi, karibu na soko la Mbuyuni, alimuuzia kopo la kapsuli za uwatu, karela na mdalasini akisema ni mimea tupu, hazina madhara. Hakumuuliza anatumia dawa gani.

Haikupita wiki, mama akaanza kutetemeka, jasho likimtiririka, maneno yanamkwama mdomoni. Tulipompima sukari kidoleni mashine ikasoma 2.9 mmol/L. Chini ya 3.9 ni hatari tayari. Tulimnywesha maji ya sukari, tukamkimbiza hospitali. Daktari alitueleza kwamba glibenklamidi hulikamua kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala, hivyo ukiijazia kitu kingine kinachoshusha sukari, unaweza kuzimia.

Sipingi mitishamba. Hata metfomini asili yake ni mmea, galega, uliotumika Ulaya tangu zamani. Lakini kidonge cha metfomini kimeandikwa miligramu 500, mgonjwa anajua anameza nini. Kopo lenu nimeligeuza kila upande: mbele picha ya jani la kijani, nyuma "mchanganyiko maalumu wa mimea", mbili asubuhi, mbili jioni. Uwatu ni kiasi gani? Mdalasini gani? Maana ule wa kasia una kumarini nyingi, ambayo ikizidi huumiza ini. Na onyo kwa mtu anayetumia dawa za sukari halipo kabisa.

Kilichoniuma zaidi ni jibu la wakala nilipompigia simu: eti mama aache dawa za hospitali ili mitishamba ifanye kazi. Watu wanapoteza macho, figo na miguu kwa ushauri wa namna hiyo!

Naomba mrudishe fedha za mama. Andikeni kwenye lebo kiasi cha kila mmea pamoja na onyo, na mawakala wenu wote wapewe katazo la maandishi wasimwachishe mgonjwa yeyote dawa. Nisipojibiwa kwa barua ndani ya siku 14, nitalifikisha suala hili kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Risiti ninayo, na kapsuli zilizobaki sijazitupa.

Wenu,
Mteja, Moshi