Salamu za Krismasi kwa wanaongoja nyumba ipatane

Wapendwa, hamjambo, na poleni na shughuli za mwisho wa mwaka.

Nairobi wiki hii ni ile ile ya kila Desemba. Pale Machakos Country Bus makanga wanaita abiria mpaka sauti zinakauka, nauli imepanda kama ilivyo desturi yake, na juu ya mabasi magodoro yanafungwa kamba pamoja na mitungi ya mafuta ya kupikia na mabunda ya unga wa chapati. Soko la Gikomba halipitiki. Kufikia tarehe 24 jioni, Barabara ya Thika itakuwa wazi kiasi cha kumfanya mkaaji wa Kasarani ashuku kwamba kuna tangazo la serikali amelikosa.

Salamu zangu za mwaka huu nawapelekea hasa wale wanaokwenda ushago, kijijini kwao, huku moyo unawadunda, na wale wasiokwenda na hawasemi kwa nini. Hawa wa pili ukiwauliza watakwambia nauli, au zamu kazini, au mtoto ana kikohozi. Sababu yenyewe ni mtu. Kuna ndugu hawasalimiani naye, au baba aliyetamka neno ambalo halijafutika, au kikundi cha WhatsApp cha familia ambacho siku moja kilionyesha kwamba fulani ametoka, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kumrudisha. Ninyi ndio ninaowasalimu. Krismasi njema.

Kanisani tumemaliza Majilio, Jumapili nne za kungoja, mshumaa baada ya mshumaa. Halafu kwetu Wakatoliki, Jumapili inayofuata Krismasi huwa ni sikukuu ya Familia Takatifu, na hapa Nairobi basilika yetu ya katikati ya mji inaitwa kwa jina hilo hilo. Nikiwa mkweli, sikukuu hiyo zamani ilikuwa ikinichosha. Ile picha ya Yusufu, Maria na Mtoto, wote watulivu, nilikuwa naiona kama picha ya familia ya watu wengine.

Lakini Injili zenyewe hazikuchora utulivu huo. Kabla Yesu hajazaliwa, Yusufu alishakata shauri kumwacha Maria kwa siri. Yesu alipoanza kufundisha, jamaa zake walitoka kwenda kumkamata wakisema amerukwa na akili. Marko ameliandika hilo bila kulipamba. Yohana naye anasema wazi kwamba hata ndugu zake hawakumwamini. Kwa hiyo katika ile nyumba tunayoiita takatifu palikuwa na watu wasioelewana. Baadaye Paulo anataja kwamba Kristo mfufuka alimtokea Yakobo, na Yakobo huyo anayeitwa ndugu yake Bwana tunamkuta akiwa nguzo ya kanisa la Yerusalemu. Namna alivyogeuka, walizungumza nini, nani alianza, hatukuambiwa. Mimi hilo la kutoambiwa limenisaidia kuliko mahubiri mengi, na nitaeleza kwa nini.

Kwetu ugomvi ni wa shamba. Ekari chache upande wa Makueni, zenye miembe aliyoipandikiza baba mwenyewe. Alipofariki, kaka zangu wawili walianza kwa kutofautiana juu ya mpaka, wakaingia kwenye nani alimsomesha nani, na sasa hivi nadhani hata wao hawakumbuki vizuri walipofikia. Miembe haijui kesi. Desemba ikifika huzaa tu, na maembe huvunwa na yeyote aliyewahi kuja na gari.

Hivi ndivyo Krismasi yetu inavyokwenda. Kaka mkubwa hufika tarehe 24 jioni, na alfajiri ya tarehe 26 ameshawasha gari. Wa pili hufika siku hiyo hiyo ya 26, kabla ya saa sita. Hakuna aliyewapangia, wamejipangia wenyewe bila kusemezana, kupitia simu za mama. Basi mama hupika mara mbili. Mbuzi akichinjwa, mguu mmoja hupelekwa kwenye friji ya jirani mwenye duka, na watoto wote wanajua mguu ule ni wa nani na hawautaji. Unga wa chapati hukandwa mara mbili. Sufuria kubwa hurudi motoni ikiwa bado inanukia pilau ya jana. Na kati ya gari moja kuondoka na jingine kufika, mama huosha vikombe vyote, hata vile ambavyo havikutumika, na kufagia ua, ili mgeni wa pili asikute dalili za wa kwanza. Hajawahi kulalamika mbele yangu. Ila anaposhika rozari jioni, majina yao huyataja moja baada ya jingine kwa pumzi moja, na hapo ndipo mahali pekee kwetu ambapo wale wawili hukaa pamoja.

Watu hutuambia: "Mwachieni Mungu." Nashukuru, ila nimeanza kuliogopa neno hilo linapotoka kinywani mwa mtu anayetaka tu mazungumzo yaishe ili chai iletwe. Kumwachia Mungu si kufunika sufuria. Na kuna ushauri wa pili unaokwenda kinyume na huo, nao kwangu ndio wenye madhara zaidi: kwamba kwa kuwa wote tutakuwa nyumbani, basi Krismasi hii tuite kikao, tumalize. Jamani! Watu wametoka kwenye foleni ya saa nyingi, wengine wameshakunywa, mashemeji wapo, watoto wanasikiliza dirishani, fedha zimekwisha na karo ya Januari inanyemelea. Ukitaka ugomvi wa shamba uwe ugomvi wa vizazi, itisha kikao tarehe 25 mchana.

Hapo ndipo imani yangu ilipojaribiwa kwa miaka kadhaa. Nilikuwa nikimpa Mungu tarehe. Kila Januari naomba, kila Desemba nategemea jibu liwe limeshafika na basi la jioni. Lisipofika, narudi Nairobi nimenuna, kana kwamba Mungu amekosa miadi. Krismasi si siku ya mwisho ya kupokea maombi.

Mwaka huu nimekaa sana na habari ya Yakobo mwingine, yule wa kitabu cha Mwanzo, na kaka yake Esau. Yakobo alimnyang'anya kaka yake baraka ya baba, Esau akaapa kumuua, na mama yao Rebeka akamtuma Yakobo Harani akakae "siku chache" mpaka hasira ipoe. Siku chache zikawa miaka 20. Rebeka hatumsikii tena akikutana na mwanawe. Huyo nampa salamu za pekee, kwa niaba ya akina mama wote wanaopika mara mbili.

Miaka hiyo 20 Biblia inatusimulia mengi ya Yakobo: mjomba wake Labani anavyomzungusha, ndoa zake, watoto, mifugo. Ya Esau, kimya. Hatujui alilia lini, ni nani aliyemkanya, ni asubuhi gani aliamka akakuta ile hamu ya kuua haipo. Yakobo naye hakujua. Anaporudi anaambiwa kwamba Esau anakuja na watu 400, na anaomba sala mojawapo ya kweli kabisa katika Mwanzo: uniokoe na mkono wa ndugu yangu, kwa maana namwogopa. Hakujifanya hana hofu ndipo aonekane ana imani. Akaomba, kisha akafanya kazi. Alitanguliza zawadi ya mifugo zaidi ya 500, mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, makundi kwa makundi yenye nafasi katikati. Usiku ule ule, kwenye kivuko cha Yaboki, akashindana na mtu mpaka alfajiri, akabaki anachechemea. Kulipokucha akatangulia mbele ya wake na watoto, yeye mwenyewe, akainama mara 7. Esau akapiga mbio kuja kumkumbatia.

Wahubiri wengi huishia hapo, na kwaya huinuka. Mimi naomba tusome aya chache mbele. Esau anasema, twende pamoja. Yakobo anajibu kwa adabu kwamba watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha, tangulia bwana wangu, nitakufuata mpaka Seiri. Esau anaondoka kwenda Seiri. Yakobo anashika njia ya Sukothi, anajenga nyumba huko. Seiri hatuoni akienda. Wamepatana, wamelia shingoni mwa kila mmoja, na bado kila mtu kakaa kwake. Tunawaona tena pamoja siku ya kumzika baba yao Isaka, wawili, kaburini, bila vita. Labda kwa familia nyingine hicho ndicho kipimo cha amani ambacho Mungu hutoa: mzike wazazi wenu bila polisi kuitwa. Si kidogo. Anayedhani ni kidogo hajahudhuria mazishi ya kwetu.

Kwa hiyo nimeacha kumuuliza Mungu ni lini, na nimeacha kumpeleleza kaka mkubwa usoni kila anaponinyoshea kikombe, nione kama moyo umelegea. Kazi ya ndani ya mtu mwingine sikupewa. Niliyopewa naijua. Situmi maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Nawataja wote wawili mbele ya wanangu kwa heshima, na watoto wa pande zote mbili wanapokuja Nairobi wakati wa likizo hulala kwangu chumba kimoja, wanagombania chaja, wanapatana, maisha yanaendelea.

Na mambo ya sheria tumeyaacha yaende kisheria, kwa sababu kumtegemea Mungu hakukatazi kuwa na wakili. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, imekuwa ikitumika tangu 1981. Ombi la mirathi hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, watu hupewa siku 30 za kupinga, na hati ya usimamizi huthibitishwa baada ya miezi 6. Ukiisoma hivyo waweza kudhani ni shughuli ya mwaka mmoja. Ndugu wakipingana, ni suala jingine kabisa. Lakini wengi hawajui kwamba Katiba ya 2010, Kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanisho, usuluhishi na njia za jadi, na kwamba tangu 2016, pale Milimani, Mahakama Kuu ilianza kupeleka baadhi ya kesi za familia na za biashara kwa wasuluhishi. Kaeni na msuluhishi mwezi wa pili, watu wakiwa wametulia na hawana pilau mbele yao. Mungu yuko na huko.

Neno moja kwa wale ambao ugomvi wao una ngumi, mapanga au vitisho. Salamu hizi zisitumiwe na mtu yeyote kukurudisha kwenye nyumba ya kipigo kwa kisingizio cha Krismasi. Yakobo aliambiwa na mama yake akimbie, akakimbia, na Mungu alimtokea njiani huko huko Betheli, hakumngojea mpaka arudi kuomba radhi. Nambari 1195, ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, hupigwa bila malipo, usiku na mchana. Mtoto, au anayemwona mtoto hatarini, apige 116.

Mtauliza kama kwetu kuna dalili yoyote. Ipo moja, na sitaki kuikuza. Kaka wa pili aliumia goti wakati wa mvua hizi za vuli. Mama aliniambia kwamba kaka mkubwa alimpigia simu ya kawaida, ya sukari na dawa za presha, na kabla ya kukata akauliza: "Na yule mwingine, mguu umepoa?" Hakutaja jina. Mama akajibu kwamba unaendelea vizuri, wakaagana. Baada ya hapo sijasikia kingine, na mwaka huu tena tutapika mara mbili. Mguu wa mbuzi nimeshamwomba jirani nafasi.

Basi nawasalimu. Wauguzi wa zamu ya usiku, walinzi mnaobaki kulinda mitaa mitupu, madereva mtakaokula Krismasi kwenye usukani: Krismasi njema. Mnaongoja mtoto, kazi, barua ya mahakama, au simu kutoka kwa mtu mmoja tu: Krismasi njema. Akina mama wa Krismasi mbili, Mungu awape nguvu za mikono na magoti. Na wewe unayebaki Nairobi peke yako kwa sababu usiyoitaja, ibada za Krismasi ziko wazi kwa kila mtu, hakuna anayeulizwa mlangoni mbona hukwenda kwenu.

Mimi naondoka tarehe 23 alfajiri, kabla mji haujaamka wote. Mtakaopita Barabara ya Mombasa, kuanzia Salama mpaka Emali maembe yako tele kando ya njia. Bei isiwatishe, semezaneni na wauzaji vizuri, watapunguza. Heri ya Krismasi na mwaka mpya wenye baraka.