Kabla Hamjaita Mashine ya Kuchimba Kisima: Barua kwa Wanangu Mnaojenga Mombasa

Assalaam aleikum wanangu, na heri kwenu nyote wa dini zote.

Nawaandikia nyinyi mlionunua viwanja Kisauni, Bamburi, Likoni na Mikindani, na nyinyi mnaobomoa nyumba za wazee wenu kisiwani mpandishe maghorofa. Kila nikikutana na mmoja wenu huniuliza lile lile: "Babu, nichimbe upande gani?" Kwa kuwa nimefunga mabomba hadi mvi zikanijaa, mnaamini najua maji yalipo. Ni kweli, najua. Yapo karibu kila mahali chini ya mji huu. Shida ni kwamba hayapo peke yake.

Sehemu kubwa ya mji wetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe, lenye matundu na nyufa zinazopitisha maji bila taabu. Mvua ikinyesha, nyingine hukaushwa na jua, nyingine hunywewa na miembe na mikungu ikarudi hewani kupitia majani, nyingine hukimbilia baharini. Inayobaki huteremka ndani ya jiwe mpaka ikutane na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, basi hukaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Kisima chako, mwanangu, kinachota tabaka hilo la juu. Hakuna mto unaolijaza. Linajazwa na mvua inayoanguka hapa hapa, kwenye nyua zetu.

Wajuzi wa maji ya ardhini wana hesabu yao, na ingefaa kila mwenye kiwanja aijue. Pale ambapo maji matamu yamesimama mita moja juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo huwa kuna takriban mita 40 za maji matamu. Ndiyo neema tuliyopewa. Lakini pampu ikiyashusha yale ya juu kwa mita hiyo moja, chumvi nayo hupanda kutoka chini, polepole, kufidia zile 40. Kwa hiyo anayejisifu kwangu kwamba amechimba futi 200 na hatakosa maji, simbishii. Hatakosa. Atapata maji ya kula mabomba yake na kumharibia jirani kisima.

Asiyeamini aende Fort Jesus. Kiingilio chake hakifiki malipo ya mashine hata kwa saa moja. Mle ndani Wareno walijenga birika la wazi la kukingia mvua. Waarabu walipokuja kuishika ngome wakachimba kisima cha futi 76, na maji yakatoka ya chumvi, hayakufaa ila kuoshea. Ngome ipo ukingoni mwa bahari, sawa, lakini na nyinyi wengi wenu mnajenga wapi?

Linaloniudhi zaidi ya chumvi ni vyoo. Kipimo kinachotajwa sana ni mita 30 kati ya kisima na shimo la choo. Sasa chukua kiwanja cha futi 50 kwa 100. Urefu wake wote ni hizo mita 30, na huo ni upande mmoja tu. Bado kuna shimo la jirani ukutani kwako, na la jirani wa jirani. Juu yake unapandisha ghorofa nne za wapangaji, kila familia na choo chake, halafu chini unafunga pampu na kumwambia mpangaji "maji ni bure". Jiwe la matumbawe halichuji kama mchanga. Kinachoingia kwenye ufa hupita na ufa. Tukipatwa na kipindupindu tunalaumu wauza matunda barabarani. Maji ya kisima cha kiwanja cha namna hiyo yawe ya kusuuzia vyoo na kuoshea sakafu, na mpangaji aambiwe hivyo waziwazi, siyo agundue tumbo likishamsokota.

Najua mtakalonijibu: maji ya mfereji hayaji, na yakija huja usiku wa manane. Ni haki yenu kulalamika. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na msiache kuidai. Lakini mjue pia yanatoka wapi hayo mnayoyangoja. Kisiwa chetu hakina mto. Sehemu kubwa ya maji yetu ni mvua iliyonyesha mbali na tumeletewa.

Chukueni chemchemi ya Mzima. Mvuke wa bahari huwa ukungu na mvua juu ya Milima ya Chyulu. Milima ile ni ya volkeno, na haina mto unaotiririka mwaka mzima, kwa sababu majivu na mawe yake hunywa kila tone. Maji husafiri chini kwa chini, yakachomoza Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, meupe, viboko na samaki wakiogelea humo. Sehemu yake inachukuliwa na bomba lililojengwa miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200 hadi kwetu, na njiani watu wa Voi na Mariakani nao wanakinga chao. Yanayobaki huingia Mto Tsavo, Tsavo ukakutana na Athi, hapo mto ukaitwa Galana, na mbele Sabaki. Kando ya Sabaki pana visima vya Baricho, navyo pia vinaleta maji Mombasa. Yaani maji ya chemchemi ile ile yanatufikia kwa njia mbili! Ila yale ya njia ya pili yamechanganyika na ya Athi, unaobeba machafu ya Nairobi na udongo wa mashamba, ndiyo maana bahari ya Malindi hugeuka nyekundu msimu wa mvua. Mchanga wa Baricho ndio unaotuchujia. Ukiongeza Marere kule Shimba Hills na visima vya Tiwi, vyote Kwale, utaona tunavyoishi kwa maji ya wenzetu. Misitu ya Chyulu ikikatwa, mfereji wa Tononoka utajua.

Mvua yetu wenyewe, je? Mombasa hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 10, basi, linaangukiwa na lita 100,000. Toa moja kwa tano ya kumwagika na kukauka, zinabaki 80,000, ambazo ni mitungi 4,000 ya lita 20. Pigeni bei ya mwenye mkokoteni wa mtaani kwenu, mnijibu. Mwezi Mei peke yake huleta zaidi ya milimita 200. Na hayo ndiyo mnayoyaacha yatiririke juu ya kabro, yale matofali ya kutandaza uani, uwanja mzima umefunikwa ukuta kwa ukuta, yafike barabarani tuktuk zizimike. Hayakuingia tangini, hayakuingia ardhini kusukuma chumvi chini. Mkitaka kabro, tandazeni njia ya gari tu. Kwingine acheni udongo, na huo mwembe uliopo msiukate.

Mvua za kwanza baada ya kaskazi msizikinge. Kunguru wetu mnawajua, na paa lina kinyesi chao cha miezi. Ziacheni dakika chache zioshe mapaa, ndipo mgeuze bomba kuelekea tangi. Tangi lifunikwe vizuri na midomo yake iwe na wavu wa kuzuia mbu, maana homa ya dengi hapa si hadithi. Ya kunywa yachemsheni au tieni dawa.

Ambaye bado ana sababu ya kuchimba achukue kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, apime chumvi kila msimu, na avute kidogo kidogo badala ya kuiacha pampu ikikoroma kutwa.

Lakini wengi wenu ramani bado iko mezani kwa mchoraji. Mpigieni simu wiki hii. Mwambieni achore birika chini ya baraza kabla hajachora maegesho ya magari, na michirizi ya paa iwe imefungwa kabla ya Aprili. Akisema hajui ukubwa wa birika, mleteni kwangu baada ya Alasiri, nipo.

Wenu,
Babu fundi wa mabomba, Mji wa Kale